Kabati la Maji la Makundini

Waliofika Makundini ni wachache, na waliorudi na kile walichokifuata ni wachache zaidi. Haya nitakayoyasimulia nimeyapata kwa Bi Mwanatumu mwenyewe, ambaye si mtu wa kupamba maneno. Yeye kanipa mambo yalivyokuwa. Hasira nimeongeza mimi.

Bi Mwanatumu binti Shekuwe alikuwa katibu wa kamati ya maji ya mji wa Kidundo. Kidundo iko bondeni, na juu yake kuna bwawa. Ukuta wa bwawa hilo una magurudumu matatu ya chuma, moja juu, moja kati na moja chini, ya kufungulia maji yakizidi. Ukiyafungua kwa mpangilio wake, maji hutoka kwa adabu. Ukikosea mpangilio, ukuta hupasuka. Hili si la kukisia. Mji wa jirani wa Vikonje ulikuwa na bwawa la fundi aliyejenga hili la Kidundo, wakabahatisha, na leo ukifika Vikonje utakuta mchanga na kinu kimoja kilicholala ubavu. Fundi mwenyewe, Mzee Bakathiri, alikuwa mtu wa Makundini. Alipomaliza kazi, miaka ishirini nyuma, aliichukua karatasi ya mpangilio akaenda nayo kwao, akasema huko itahifadhiwa vizuri. Watu wa Kidundo wakampigia makofi. Miaka ikapita, mvua zikawa za wastani, magurudumu hayakuguswa, na hakuna aliyejiuliza lolote.

Mwaka huo mvua hazikuwa za wastani. Maji yalipanda shibiri moja kila siku, na zilibaki shibiri kumi na nne kufika ukingoni. Kamati ikakaa, ikalaumiana vya kutosha, kisha ikamtuma katibu. Bi Mwanatumu hakuhitaji kusukumwa. Binti yake Tausi alikuwa amejifungua wiki hiyo, na nyumba ya Tausi ni ya kwanza chini ya ukuta.

Habari za njia naziacha. Ilikuwa siku moja kwenda, ingekuwa siku moja kurudi, na tope ni tope. Alibakiwa na siku kumi na mbili za kusoma karatasi moja, akaona zinamtosha na kubaki.

Kwenye lango la Makundini bawabu alimtazama shingoni kwanza, usoni baadaye.

"Wewe ni wa makundi gani?"

"Mimi ni Mwanatumu binti Shekuwe, natoka Kidundo."

"Hilo ni jina, mama," bawabu akasema, akiangalia pembeni kwa haya. "Mimi nimeuliza makundi."

Jina huko wanalichukulia kama nguo ya ndani. Kila mtu analo, ila haliulizwi mbele za watu. Sheria ya Makundini ni kwamba mtu mmoja mmoja hana ruhusa ya kitu chochote, hata cha kufunua kopo la chumvi. Ruhusa ni ya kundi. Kila kundi lina ushanga wake, na ukivalishwa ushanga wa kundi, unapata ruhusa za kundi hilo. Waasisi wa nchi waliona ni taabu kuandika majina ya watu kwenye kila mlango, mtu akihama ufute, mwingine akija uandike. Wakasema tuandike makundi, basi. Wazo zuri. Mimi mwenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na yaliyofuata.

Bawabu akamwita Karani wa Shanga, Bwana Mshamu, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa katani, mwepesi wa kuahidi. Huyu ndiye aliyemvisha Bi Mwanatumu ushanga mweupe wa Wageni, akaufunga uzi kwa fundo la serikali ambalo ni marufuku kulikata, akamchukua nyumbani kwake kama ilivyo desturi kwa mgeni asiye na ndugu mjini.

"Karibu sana, mama. Usiwe na wasiwasi wowote. Hapa kwetu kila kitu kina utaratibu."

Jioni hiyo walikunywa chai bila sukari. Sukari ilikuwepo, kwenye kabati, imejaa mtungi. Lakini mke wa Mshamu alikuwa wa kundi la Wapishi wa Chakula, na sukari ilikuwa chini ya Watayarishaji wa Vinywaji. Mwenye ushanga wa Vinywaji katika nyumba ile alikuwa mama mkwe, naye alikuwa amekwenda msibani.

"Anarudi lini?" Bi Mwanatumu akauliza.

"Arobaini ikipita," mke wa Mshamu akajibu kwa upole, akamimina kikombe cha pili.

Kesho yake Mshamu alimpeleka kwenye Jumba la Makabati. Jamani, jumba! Makabati ya kuingia mtu mzima, yenye milango ya wavu, yamejipanga huku na huku mpaka macho yanachoka. Kila mlango una kibao, na kwenye kibao yameandikwa makundi: nani aone, nani asome, nani arekebishe, nani atoe nje. Walipofika Kabati la Maji, Bi Mwanatumu akabandika uso kwenye wavu. Rafu ya tatu, mkono wa kulia, faili la kijani lenye maandishi makubwa: *Bwawa la Kidundo, Mpangilio wa Magurudumu.* Kona ya karatasi ilikuwa imechomoza nje ya jalada. Angekuwa na kidole kirefu kidogo angeigusa.

"Naiona!" akapiga kelele.

"Ndiyo, mama. Wageni wana ruhusa ya kuona."

"Basi nifungulie niisome, nirudi kwetu leo hii hii."

Mshamu akacheka kwa huruma. "Kuona ni ruhusa nyingine, mama, na kusoma ni ruhusa nyingine."

Ndani ya kabati hilo alikuwamo mzee mmoja akifuta vumbi kwa tambara, shanga zimemjaa kutoka kifuani mpaka kidevuni, shingo imempinda kwa uzito. Bi Mwanatumu akauliza yule je, mbona kaingia. Mshamu akamweleza kwamba huyo ni Shawali, mfagiaji. Katika miaka yake thelathini na minne ya kazi amepita kila idara, kila idara ikamvika ushanga wake, na sheria ya kuvika ipo ila ya kuvua haijatungwa. Kwa hiyo Shawali anafungua kila kabati nchini, mpaka barua za siri za mkuu wake. Mkuu mwenyewe, Bi Hadia, aliyeteuliwa mwaka uliopita, ushanga wa ofisi yake bado haujapita, na tangu ateuliwe anafanyia kazi ukumbini, mbele ya mlango wake uliofungwa.

"Na hamuoni kasoro?" Bi Mwanatumu akauliza.

"Kasoro ipo. Tumeiundia kundi."

Walioruhusiwa kusoma Kabati la Maji walikuwa kundi la Wasomaji wa Maji, na anayeingiza watu katika kundi ni mwenye kundi. Bi Mwanatumu akaomba apelekwe kwa mwenye kundi. Wakampeleka barazani. Wajumbe walikaa kwa mviringo, na katikati yao kulikuwa na kiti kitupu, kimetundikwa shanga.

"Ndiye huyo," Mshamu akanong'ona. "Mzee Bakathiri."

"Mzee Bakathiri si alishafariki? Mwaka wa tisa huu!"

"Tunajua, mama, tulimzika sisi. Lakini hajajitoa."

Basi ombi likasomwa mbele ya kiti. Kiti hakikusema neno. Mjumbe mmoja mnene akasimama, akasema kimya si ruhusa. Mwingine akasimama, akasema kimya si katazo pia. Likawa ndilo la kujadiliwa siku hiyo na siku ya pili yake, na nasikia palisemwa mambo mazito sana ya sheria, mpaka mjumbe mmoja mzee akalia. Bi Mwanatumu alikaa kwenye kibenchi cha wageni akihesabu shibiri. Tisa. Nane. Jioni ya pili baraza liliamua kwamba suala limepokelewa.

"Limepokelewa maana yake nini?"

"Maana yake tunalo," Mshamu akasema.

Sitamsema vibaya Mshamu, kwa sababu alihangaika kweli. Alikuja na njia ya kuzunguka. Makundi ya nchi hiyo huingia ndani ya makundi mengine, kama sufuria zinavyowekwa moja ndani ya nyingine. Wasaidizi wa Mafundi wamo ndani ya Wasomaji wa Maji, na Marafiki wa Mto wamo ndani ya Wasaidizi wa Mafundi. Ukiwa Rafiki wa Mto, umeshakuwa Msomaji wa Maji bila kumwomba marehemu. Lakini kuwa Rafiki wa Mto sharti kwanza uwe miongoni mwa Wapenda Mvua, na kuwa Mpenda Mvua sharti kwanza uwe Rafiki wa Mto. Mshamu mwenyewe alikuwa kwenye foleni hiyo mwaka wa sita. Wakaiacha, wakapitia kwa Wafuga Bata. Kutoka kwa Wafuga Bata wakaingia Wajane wa Mabaharia, ambao nao wamo ndani ya Wasaidizi wa Mafundi, ingawa mume wa Bi Mwanatumu yu hai na ni fundi cherehani. Siku tatu za kupanda ngazi na kushuka ngazi, na Bi Mwanatumu akawa na shanga kumi na moja shingoni, zinagongana akitembea. Alicheka njia nzima kwenda jumbani. Alikuwa bado na shibiri tano.

Mlinzi wa Kabati la Maji akazihesabu shanga moja moja, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwenye ule mweupe, akasimama.

"Huyu ni Mgeni."

"Ni Mgeni, na ni Msomaji," Mshamu akasema. "Angalia, huo hapo wa Wasomaji wa Maji."

Mlinzi akaonyesha kibao. Chini kabisa, mbele ya jina la Wageni, palikuwa na mstari mdogo mweusi. Miaka kumi na saba nyuma mgeni mmoja alimwaga uji kwenye faili la visima. Tangu siku hiyo Wageni kuona, ndiyo, kusoma, marufuku.

"Lakini ana ruhusa kumi!" Mshamu akasema.

"Na katazo moja. Unaijua sheria kuliko mimi, bwana karani. Katazo moja linafuta ruhusa hata ziwe elfu."

"Basi nivueni huo wa Wageni!" Bi Mwanatumu akasema, akiushika.

Mshamu akamshika mkono, uso umempauka. "Usithubutu, mama. Ukivuliwa Wageni, huruhusiwi kuwa nchini. Na ukiwa nje ya nchi, utasomaje kabati la ndani?"

Hapo Bi Mwanatumu aliishiwa. Alikaa chini pale pale sakafuni, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, akalia kwa sauti. Alimlilia Tausi na kale katoto ambako hakajapewa hata jina, akamtukana marehemu Bakathiri, akamtukana na yule mla uji. Shawali alikuwa akifagia hatua tatu kutoka hapo. Akasimamisha ufagio, akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea kufagia.

Kilio kilimfikia Bi Hadia pale ukumbini kwake. Mkuu wa Makabati alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri, na nchi ile hakuna kitu cha hatari kama moyo mzuri wenye haraka. Aliitisha baraza siku ya kumi, likakaa mpaka ya kumi na moja, akawasikiliza wote, kisha akapiga meza.

"Mama wa watu anateseka na sisi tunabishana. Aibu! Futeni kibao chote cha Kabati la Maji. Andikeni: Watu Wote, ruhusa zote."

Baraza zima likashangilia. Mshamu akavua miwani akaifuta.

"Samahani, dada mkuu," Bi Mwanatumu akasema kutoka kibenchini, "mimi nataka kusoma tu. Hizo ruhusa zote ni za nini?"

"Mpenzi wangu, tukianza kuchambuachambua tutafika wapi? Tumekufungulia. Furahi."

Na hili, msomaji, ndilo kosa ambalo ni watu wa Makundini tu wanaoweza kulifanya huku wakipongezana. Miaka na miaka hawakumruhusu hata mtu mmoja, na siku waliyochoka walimruhusu kila mtu kila kitu. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili foleni ilianzia mlango wa kabati ikatoka nje ya jumba ikazunguka soko. Watu walikuja na wake zao, na kalamu, na nyembe za kukwangulia. Wengi hawakujua mle ndani mna nini. Walijua tu kwamba sasa wanaruhusiwa. Bi Mwanatumu aliwekwa mwisho, kwa sababu desturi inamtaka mgeni awapishe wenyeji.

Alifika mbele alasiri. Faili lilikuwa mezani, limeshikwa mpaka limelainika. Akalifunua.

Mzee Bakathiri alikuwa amechora magurudumu matatu, na pembeni ya kila moja ameweka vidoa kuonyesha lipi lianze, lipi lifuate, lipi limalizie. Hiyo ilikuwa zamani. Mtu mmoja wa foleni aliona si haki gurudumu moja lipewe vidoa vingi kuliko mwenzake, akavikwangua vyote kwa wembe, akayapa yote matatu vidoa vitatu vitatu. Mwingine akaona matatu ni machache kwa bwawa kubwa, akachora la nne. Mwingine alichora ua kwenye kona, na kusema kweli lilikuwa ua zuri. Chini kabisa watu thelathini na nane walikuwa wametia sahihi kwamba wamepitia na kuboresha.

Bi Mwanatumu akaishika karatasi kwa mikono miwili. Safari hii hakulia. Alimwona Tausi kabisa, amekaa kizingitini anamnyonyesha mwanawe, na ukuta nyuma yake.

"Wameiharibu," sauti ikasema chini ya meza. Alikuwa Shawali, anazoa mabaki ya kalamu na maganda ya machungwa, ananung'unika peke yake. "Karatasi nzuri vile. Kati lilikuwa na kidoa kimoja tu, sasa angalia upumbavu huu."

Bi Mwanatumu akainama mpaka macho yao yakakutana. "Umesema nini, mzee wangu?"

"Nimesema kati lilikuwa na kidoa kimoja. La chini viwili. La juu vitatu. Kusoma sijui, lakini kuhesabu najua. Nimeifuta vumbi kila Jumatatu miaka ishirini, nisijue ina vidoa vingapi?"

"Ulijua? Siku zote hizi ulijua?"

"Nilijua, ndiyo."

"Na ukanyamaza, mimi nalia mbele yako!"

Shawali akajivuta kutoka chini ya meza, akajaribu kunyoosha shingo ikakataa. Alikuwa mzee mwenye kisirani na hakuficha.

"Mdogo wangu, hapa mtu haulizwi. Mimi nina shanga sitini na tatu, naingia kote, na katika miaka thelathini na minne hakuna kiumbe aliyewahi kuniambia, Shawali, humo ndani umeona nini? Nikisema bila kuulizwa wataniuliza nimesema kwa ushanga upi. Hao nimewazoea. Lakini wewe ni mgeni. Umekuja kwenye wavu huu mara sita. Mara sita umenipita kama umepita ndoo."

Bi Mwanatumu anasema hilo ndilo lililomuuma kuliko yote ya Makundini, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akamwomba radhi, naye Shawali akaguna tu.

Ushahidi hakuwa nao wowote, ila neno la mzee asiyejua kusoma. Muda nao haukuwepo wa kutafuta mwingine. Alitaka aondoke saa ile ile, na hapo Mshamu akamkimbilia na daftari. Kutoka nchini, alimweleza kwa masikitiko, mgeni hurudisha kila ushanga kwa mwenye kundi wake, kwa saini. Zake ni kumi na moja. Kwa Wafuga Bata hakuna shida, wale ni watu wa haraka, wiki mbili. Ila mmoja wa hao wenye makundi, kama anavyojua mama mwenyewe, ni marehemu.

Bi Mwanatumu akafungua mkoba wake. Mke wa fundi cherehani hatembei bila mkasi. Akapitisha makali chini ya uzi, kwenye lile fundo la serikali, akakata. Shanga zikamwagika, zikaenda zao chini ya makabati. Mshamu akaziba macho.

"Na mimi," Shawali akasema, akiinamisha kichwa. "Nikate na mimi. Nimeomba kuvuliwa tangu nina meno yote."

Kwa Shawali mkasi ulifanya kazi kubwa. Uzi ulikuwa umesukwa juu ya uzi, na shanga sitini na tatu zilipoanguka watu waliokuwa wamebaki jumbani waliruka kando. Mzee akasimama. Akageuza shingo kulia, akaigeuza kushoto, taratibu, akasema "Ah!" Kisha akasema anakwenda Kidundo.

"Ya nini, mzee wangu? Ukuta unaweza kupasuka."

"Nikikosea, nikosee nikiwa palepale. Sitaki kusikia habari zako kwa wapita njia."

Langoni hawakuzuiwa, na sababu yake ni sheria yenyewe. Bawabu anapomzuia mtu lazima aandike amezuia mtu wa kundi gani. Aliwatazama shingoni, akachovya kalamu, akafungua kitabu, akatafuta safu ya kuwaandika. Alipokuwa bado anatafuta, wao walishapita.

Walifika Kidundo maji yamebakiza upana wa kidole. Mji mzima ulikuwa juu ya mlima na magodoro, isipokuwa Tausi, aliyeshindwa kupanda na kichanga, na kamati, iliyokuwa ukutani ikibishana. Mwenyekiti, Bwana Ngwali, akanyoosha mkono.

"Lete karatasi, katibu. Ina muhuri?"

"Karatasi sina," Bi Mwanatumu akasema, akihema. "Nimekuja na mtu."

Akampita. Akashika gurudumu la kati, Shawali akashika upande wa pili, wakalizungusha. Kutu ikalia. Ukuta ukanguruma kutoka ndani, mngurumo mrefu wa kutisha, na wajumbe wawili wakakimbia kabisa. Bi Mwanatumu aliangalia chini kwenye paa la nyumba ya Tausi, akasema moyoni, Mungu wangu, kama nimewaua nimewaua. Maji yakatoka kwenye bomba la kati, mekundu, mazito. Wakaenda la chini. Wakamalizia la juu. Mngurumo ukatulia ukawa mvumo wa kawaida wa mto, maji yakashika mfereji wake, yakapita nyuma ya nyumba ya Tausi yakiwa yamelowesha ukuta wa choo tu. Bi Mwanatumu alimkumbatia Shawali mbele ya kamati nzima, na yule mzee mwenye kisirani akajikuta analia kama mtoto.

Siku ya tatu, ardhi imeanza kukauka, Bwana Ngwali aliitisha mkutano. Alimsifu katibu kwa maneno mengi. Akampa Shawali kanzu. Kisha akakohoa, akasema kwamba tumeona wote jinsi jambo hili lilivyo zito, na jambo zito kama hili halifai kuachwa mdomoni mwa kila mtu. Kwa hiyo itaundwa Kamati Maalumu ya Magurudumu, watu saba wazito. Mpangilio utaandikwa, utatiwa kwenye sanduku la bati, na ni hao saba tu watakaoruhusiwa kulifungua, wakiwa pamoja. Akasoma majina saba. La kwanza lilikuwa lake. La Bi Mwanatumu halikuwemo, maana katibu kwa kanuni si mjumbe. Shawali naye ni mgeni.

"Sasa," mwenyekiti akasema kwa upole, "tungewaomba wasiohusika watupishe kidogo."

Wakatoka. Shawali alijipapasa shingo. Bi Mwanatumu alisimama uani kama aliyesahau njia ya nyumbani. Kisha akaenda dukani, akanunua kopo la rangi nyeupe na brashi pana ya kupakia kuta, akapanda bwawani juani, mchana kweupe, watu wanamwona. Shawali akamshikia ngazi. Alianza kuandika juu ya magurudumu, herufi za urefu wa mtu, zinazosomeka kutoka sokoni, na pembeni ya kila neno akaweka vidoa kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Alikuwa ameshaandika KATI na CHINI pale Bwana Ngwali alipofika anakimbia, kofia mkononi, na wale sita nyuma yake.

"Mwanatumu! Shuka! Nani kakuruhusu?"

Akachovya brashi tena. Rangi ilikuwa inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na neno la tatu alikuwa bado hajalimaliza.